Kuoanisha rejista za visiwani na majibu ya hospitali bila kumwanika mgonjwa

Swali: Shikamoo. Mimi ni mtunza kumbukumbu za afya, niko Ukerewe. Daktari wetu na wenzake wa hospitali moja ya rufaa jijini Mwanza wanataka kujua kama watu waliomeza dawa ya kichocho mara nyingi wanafika wachache kwenye hatua ya kutapika damu, ile inayokuja kichocho kikishaharibu ini. Data ziko sehemu tatu: rejista za kingatiba (dawa za kinga zinazogawiwa kwa jamii nzima) na za wagonjwa wa nje kwenye zahanati zetu, mfumo wa hospitali wenye majibu ya endoskopi (kipimo cha kamera inayopitishwa kooni hadi tumboni), na faili la Excel la maabara. Nimeambiwa nifute majina, nibakize namba ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa) na simu ili tuweze kuoanisha, kisha nitume kwa WhatsApp. Mshirika wao wa Ulaya naye ameomba apewe faili zima. Naona kuna kitu hakiko sawa, ila sijui nianzie wapi.

Jibu: Marahaba. Umehisi vizuri. Nianze na hilo la kufuta majina, kwa sababu ndilo linaloonekana dogo.

Faili lisilo na majina lakini lenye namba ya NIDA na simu bado ni faili la majina. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku aliyozaliwa mwenyewe. Umefuta jina, tarehe yake ya kuzaliwa umeiacha nje. Simu ni mbaya zaidi. Mtu yeyote akiiandika kwenye menyu ya kutuma pesa, jina la aliyesajili laini linatokea kabla hata hajaweka namba ya siri. Kazi hiyo haihitaji mdukuzi, anatosha jirani mbea.

Kuna atakayekuambia basi namba hizo zigeuzwe kwa hashi, yaani zipitishwe kwenye kanuni ya hesabu inayotoa mfuatano wa herufi na tarakimu usiorudi nyuma. Ni nusu ya dawa. Mwaka 2014, data za safari za teksi za New York zilitolewa hadharani, namba za magari na za leseni za madereva zikiwa zimepitishwa kwenye hashi aina ya MD5. Mhandisi mmoja akazirudisha zote. Hakuvunja kanuni yoyote. Aliorodhesha namba zote zinazowezekana, akazipitisha kwenye kanuni ileile, kisha akalinganisha matokeo. Namba zetu za simu, ukiondoa 255, zina tarakimu tisa na vianzio vyake vinajulikana. Kompyuta ya kawaida inazimaliza zote huku unakunywa chai. Kinga yake ni hashi yenye ufunguo wa siri, ile mafundi wanayoiita HMAC. Ufunguo uwe mrefu, uzalishwe na kompyuta bila mpangilio, na ukae kwa mtu asiye na data za ugonjwa. Hicho kipande cha mwisho ndicho watu wanachokisahau. Mwenye ufunguo na faili la ugonjwa kwa pamoja hajafichwa chochote.

WhatsApp sitakaa nayo sana. Ni kweli ujumbe husimbwa njiani, yaani hugeuzwa kuwa kitu kisichosomeka bila ufunguo, lakini ukishafika, faili linabaki kwenye simu yako, kwenye simu ya daktari, kwenye nakala rudufu za wote wawili, na siku simu ikienda kwa fundi linakwenda nalo. Faili lisimbwe kwanza kwa AES ya biti 256 (programu ya bure kama 7-Zip inafanya hivyo), lipitie njia rasmi ya taasisi, na nenosiri ulitaje kwa sauti kwenye simu. Na tafadhali, rejista za karatasi zisipigwe picha kwa simu ya mtu binafsi ili "zije kuingizwa baadaye". Zikiingizwa palepale zahanati kwa programu kama ODK, ambayo inaweza kusimba fomu kwenye kifaa kabla ya kutumwa, utakuwa umejiepusha na balaa kubwa kuliko yote niliyoyataja.

Tuseme sasa umeondoa jina, NIDA na simu. Bado una mstari unaosema: mwanamume, miaka 47, mvuvi, Bwisya, endoskopi tarehe fulani kwa kutapika damu. Kisiwani Ukara, iliko Bwisya, mtu akitapika damu usiku akapakiwa kwenye boti, habari zake zinazunguka mwaloni kabla yeye hajafika Nansio. Mstari hauna jina, na hakuna asiyemjua. Marekani walilijifunza hili miaka ya tisini, pale Latanya Sweeney, wakati huo mwanafunzi, alipochukua data za matibabu za watumishi wa jimbo la Massachusetts zilizodaiwa kuwa hazina utambulisho, akanunua daftari la wapiga kura kwa dola 20, na akaipata rekodi ya gavana wa jimbo, William Weld, kwa tarehe ya kuzaliwa, jinsia na eneo la posta. Baadaye alikadiria kwamba vitu hivyo vitatu vinatosha kumtofautisha mmoja mmoja katika asilimia 87 ya Wamarekani. Kwenye kisiwa chenye vijiji vichache huhitaji hata tarehe ya kuzaliwa.

Kwa hiyo ufute safu ipi ni swali la pili. La kwanza ni nani anaona nini. Hapo kuna kanuni moja ambayo ningekushauri uishikilie hata kama mengine yote yatapingwa na wakubwa kikaoni: anayeoanisha watu asione magonjwa, na anayechambua magonjwa asione watu. Australia Magharibi walijenga mfumo wao wa kuoanisha data za afya mwaka 1995, na kazi yao ikasimama juu ya kanuni hiyo. Hazina ya data ya SAIL kule Wales nayo inapokea data kwa kuzigawa namna hiyo. Haihitaji mashine za mamilioni. Inahitaji watu watatu na nidhamu.

Kwenu ingekuwa hivi. Kila chanzo, yaani wewe kwa zahanati, mtu wa mfumo hospitalini, na maabara, anatengeneza mafaili mawili kutoka kwenye rekodi zake. La kwanza lina utambulisho tu: majina, jinsia, mwaka wa kuzaliwa, kijiji, kitongoji, na namba ya mstari ambayo haina maana yoyote nje ya kazi hii. La pili lina mambo ya tiba tu, na namba ileile ya mstari. Faili la kwanza linakwenda kwa mwoanishaji. Yeye anatafuta kwamba mstari wa 311 wa zahanati na mstari wa 58 wa hospitali ni mtu mmoja, anampa mtu huyo namba mpya ya utafiti, na kurudisha kwa kila chanzo orodha ya namba zake tu: mstari huu ni namba hii ya utafiti. Chanzo kinaweka namba hiyo kwenye faili la pili, kinaondoa namba ya mstari, ndipo faili linakwenda kwa mchambuzi. Mchambuzi anaunganisha mafaili matatu kwa namba ya utafiti. Hajawahi kuona jina. Mwoanishaji hajawahi kuona ini la mtu.

Mwoanishaji awe nani? Asiwe mwanafunzi wa mtafiti mkuu, na asiwe mtu ambaye jina lake litakuwa kwenye makala. Mtu wa TEHAMA wa hospitali au wa taasisi ya utafiti aliyesaini kiapo cha usiri anafaa. Ila angalia kwamba hata faili la utambulisho linasema kitu. Orodha iliyotoka chumba cha endoskopi, ikiitwa hivyo, tayari imetaja ugonjwa. Liite faili "chanzo B" basi. Kama siku moja mtaongeza data za CTC, yaani kliniki ya matunzo na tiba kwa wenye VVU, uwe mkali zaidi: mtu kuwemo tu kwenye orodha hiyo ni kutangaza hali yake ya VVU, na namba ya CTC yenyewe inabeba msimbo wa kituo. Hapo orodha isitoke kituoni hata kwa mwoanishaji. Zitoke hashi zenye ufunguo, au majina yaliyosimbwa kwa njia nitakayoieleza hapa chini.

Sasa kuoanisha kwenyewe, ambako kunaharibika kimyakimya. Usidhani NIDA itakuokoa. Rejista nyingi za zahanati hazina namba hiyo, watoto waliomeza dawa shuleni hawakuwa nayo, na simu moja kwenye kambi ya wavuvi inaweza kuwa ya watu wanne. Mtabaki na majina, na majina ya kanda yetu yana mambo yake. R na l hubadilishana kadiri ya sikio la mwandishi: Marko leo, Malko kesho. Mwandu na Ng'wandu ni mtu mmoja. Mwanamke ameandikwa kwa jina la baba kwenye rejista moja na jina la mume kwenye nyingine. Mvuvi anajulikana mwaloni kwa jina la utani, naye kalizoea hata anajiandikisha nalo. Asiyejua tarehe yake ya kuzaliwa anawekewa 1 Januari, kwa hiyo utakuta kijiji kizima kimezaliwa Mwaka Mpya. Kisha kuna Kulwa na Doto: jinsia moja, siku moja, baba mmoja, kitongoji kimoja. Ukiwapa kompyuta uhuru wa kupuuza jina la kwanza kwa sababu mengine yote yamelingana, itawafanya pacha hao mtu mmoja bila wasiwasi wowote.

Njia inayotumika duniani ilipewa msingi wake wa hisabati na Fellegi na Sunter mwaka 1969. Badala ya kudai kila kitu kilingane, kila sehemu inapewa uzito. Chukua mfano wa kufikirika. Jinsia ya mtu mmoja inaandikwa sawa kwenye rejista mbili mara 98 kati ya 100, lakini watu wawili wasiohusiana nao hulingana jinsia mara 50 kati ya 100. Uwiano ni karibu mbili kwa moja, hivyo kulingana kwa jinsia kunaongeza alama moja tu (alama ni logi ya uwiano huo kwa kizio 2, yaani uwiano ukiongezeka maradufu alama inapanda moja). Jina la nadra, linalobebwa na mtu mmoja kati ya 500 na linaloandikwa sawasawa mara 90 kati ya 100, likilingana linaongeza karibu alama tisa. Jina la kawaida, lenye mtu mmoja kati ya 25, linaongeza nne na nusu. Na jinsia ikipishana, unatoa alama nne na nusu. Jumla ikiwa juu sana mnakubali, ikiwa chini sana mnakataa, na ya katikati inaangaliwa na binadamu, ikiwezekana mwenyeji anayejua kwamba Shija ni mtoto aliyezaliwa baada ya pacha, kwa hiyo hawezi kuwa Doto.

Kabla ya kupima uzito, sawazisheni tahajia. Jina likikatwa vipande vya herufi mbilimbili, Marko ni ma-ar-rk-ko na Malko ni ma-al-lk-ko. Vinashirikiana vipande viwili kati ya vinne, yaani mfanano wa nusu, ambao mfumo mkali utautupa. Mkikubaliana mapema kwamba kila l iandikwe r, ng'w iwe mw, na h ya mapambo iondoke, mfanano unakuwa kamili. Kanuni hizo ziandikwe na zitumike na vyanzo vyote vitatu kabla ya kusimba, maana hashi haina huruma: herufi moja ikitofautiana, matokeo hayafanani hata kidogo.

Na hapo ndipo ilipo tabu ya hashi kwa majina. Mwaka 2009 Schnell na wenzake walipendekeza kutumia kichujio cha Bloom: kila kipande cha herufi mbili kinapitishwa kwenye hashi yenye ufunguo na kuwasha nafasi kadhaa kwenye safu ndefu ya sifuri na moja. Majina yanayofanana yanawasha nafasi nyingi za pamoja, hivyo mwoanishaji anaweza kulinganisha safu hizo bila kuyasoma majina. Ni njia nzuri na ninaipendekeza kwa orodha nyeti kama za CTC, lakini msiidhanie kuwa kufuli la mwisho. Watafiti wameonyesha kwamba mifumo inayojirudia sana inaweza kubashiriwa kuwa majina yanayojirudia sana. Safu hizo zilindwe kama majina yenyewe.

Kwa data za kuanzia sasa na kuendelea kuna njia bora kuliko zote hizi, na imejaribiwa hapahapa. Kisesa, wilayani Magu, mwendo mfupi mashariki mwa jiji la Mwanza, watafiti wamekuwa wakifuatilia jamii tangu 1994 chini ya NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Walipotaka kuoanisha kumbukumbu za jamii na za kliniki, hawakuiachia kompyuta kazi yote. Mgonjwa aliulizwa palepale kituoni, kwa ridhaa yake: umewahi kuishi wapi, nani mlikaa naye nyumba moja, balozi wako ni nani. Mfumo unaleta majina yanayokaribiana, na mgonjwa mwenyewe anasaidia kuthibitisha yupi ni yeye. Jina la balozi wa nyumba kumi halimo kwenye vitabu vya Ulaya vya kuoanisha data, lakini huku linatenganisha watu wawili wa jina moja vizuri kuliko tarehe ya kuzaliwa ya kubahatisha. Kama hospitali inakubali, maswali kama hayo mawili matatu kwenye foleni ya endoskopi yatawaokoa miezi ya kazi.

Kuna jambo la kisayansi ambalo naona daktari wenu hajaliwaza, au kaliwaza na hakukwambia. Mvuvi anayehama kutoka Ukara kwenda Goziba, kisha Kome, ndiye anayeloweshwa na maji yenye kichocho zaidi, na ndiye ambaye rekodi yake itakosa mwenzake. Mkimhesabu kama "hakumeza dawa" kwa sababu hamkumwona kwenye rejista, mmetunga jibu. Kingatiba yenyewe kwa kiasi kikubwa imepitia shuleni, kwa hiyo mtu mzima kutokuwemo hakusemi kitu. Pawe na hali tatu: alimeza, hakumeza, haijulikani. Mwoanishaji naye atoe taarifa ya waliokosa kuoanishwa kwa makundi ya umri, jinsia na eneo, bila majina, ili mchambuzi aone kama wamepotea kwa usawa. Na vijiji vilivyogawiwa dawa mara nyingi ndivyo vilivyokuwa na kichocho kingi tangu mwanzo. Mkichambua kizembe, prazikwanteli, yaani hiyo dawa ya kichocho, itaonekana inasababisha kutapika damu. Sheria za usiri hazitawakinga na hilo.

Mchambuzi apewe nini basi? Umri kwa makundi ya miaka mitano, si tarehe ya kuzaliwa. Eneo kwa kata, au afadhali umbali kutoka ziwani kwa madaraja matatu, maana kwa kichocho hicho ndicho chenye maana. Tarehe ni mtego. Kawaida hushauriwa kila mgonjwa asogezewe tarehe zake zote kwa idadi moja ya siku za kubahatisha, ili muda kati ya tukio na tukio ubaki sawa. Kwenu haifai: siku ya kugawa dawa kijijini inajulikana na kila mtu, hivyo anayeiona tarehe iliyosogezwa anajua mara moja imesogezwa kwa siku ngapi, kisha anairudisha ya endoskopi mahali pake. Ondoeni tarehe kabisa. Wekeni mwaka wa dozi na idadi ya miezi hadi endoskopi. Kwenye majedwali ya kuchapishwa, kisanduku chenye watu chini ya watano kisionyeshwe, na hakikisheni hakipatikani kwa kutoa jumla.

Uchambuzi ufanyike kwenye seva moja ambayo watu wanaingia kufanyia kazi humo, bila kupakua faili, na kila kinachotoka kinakaguliwa. Flashi zisihusike. Jedwali linalounganisha namba za mistari na namba za utafiti libaki kwa mwoanishaji, na itifaki itaje litafutwa lini. Bila tarehe iliyoandikwa, halitafutwa kamwe.

Vibali sasa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inaziweka taarifa za afya kwenye kundi la taarifa nyeti, na taasisi inayozikusanya au kuzichakata inapaswa kusajiliwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kibali cha maadili cha utafiti ni kitu kingine, na kimoja hakifidii kingine. Wagonjwa wa rejista za zamani hamwezi kuwafuata wote kuomba ridhaa. Andikeni hivyo waziwazi kwenye ombi na muiachie kamati ya maadili iamue. Msijipe msamaha wenyewe.

Mshirika wa Ulaya hana haja ya faili zima. Kupeleka taarifa binafsi nje ya nchi kuna masharti yake kwenye sheria hiyo, na NIMR wanataka mkataba wa kuhamisha data uwe umesainiwa kabla. Lakini mara nyingi data hazihitaji kusafiri. Anaweza kuandika programu yake ya uchambuzi, mkaiendesha kwenye seva yenu hapa Mwanza, yeye akapokea majedwali na makadirio. Mifumo kama DataSHIELD imejengwa kwa kazi hiyo hasa: maswali yanakuja kwenye data, majibu ya jumla yanaondoka. Akisisitiza kwamba anataka faili zima, mwombe aandike ni sehemu gani ya swali la utafiti inayohitaji jina la kijiji na tarehe kamili, kisha barua yake iambatanishwe kwenye ombi linalokwenda kamati ya maadili.